Mfuaji Aliyefua Zilizokwisha Takata

Jamani akina mama, kabla sijafungua mdomo, mikono juu. Yote! Na wewe wa nyuma unayejifanya unatafuta kitabu cha nyimbo. Semeni: "Halitoki hapa." Tena, kwa sauti. Haya, shusheni. Mchungaji kaniambia nitoe mfano kabla ya maombi, na mimi nina huu mmoja tu, na wenyewe ni wa watu. Nikilisikia sokoni kesho, nitajua limetoka mstari gani.

Kulikuwa na mama mmoja mfuaji. Si mfuaji wa beseni kama mimi, la! Alikuwa anafua kwenye kiwanda cha dawa za macho, zile za matone. Sasa dawa ya macho haitaki mchezo. Kivumbi kikidondokea kwenye chupa, mtoto wa mtu anapoteza jicho. Kwa hiyo humo kiwandani kuna chumba, hata hewa yake inachujwa, na ukiingia unavaa ovaroli nyeupe kutoka utosini mpaka kwenye kidole cha mguu, yanabaki macho tu. Ukiwakuta wamejipanga mlangoni utasema misukule imepata ajira! Msicheke sana, mchungaji anatuangalia.

Ovaroli hizo ndizo alizokuwa anafua yule mama. Mwaka wa kumi na moja. Anazitia kwenye mashine kubwa, maji yenyewe yamechujwa, zinakauka humohumo ndani, zinafungwa kwenye mifuko ya plastiki kabla hazijaona mlango. Kazi yake aliijua, na watoto wake wanne wamesoma kwa povu lile.

Jumatatu moja meneja akamwita.

"Mama, kuna watu wanatuuzia ovaroli za kuvaa mara moja. Unavaa, unavua, zinachomwa. Hakuna kufua."

"Na mimi je?"

Meneja akaangalia dirishani. Mkiona bosi anaangalia dirishani, jueni. Akasema, "Ijumaa tunapima. Tano za kutupa, tano zako. Zitakazotoa vumbi kidogo ndizo tutakazochukua. Mimi ningependa zako, mama. Hizi za kutupa mzigo ukichelewa bandarini tunakaa mikono mitupu, na moshi wa kuchoma kila siku majirani wameshaanza kulalamika. Lakini siwezi kubahatisha na macho ya watu."

Yule mama akashika mlango. Akatoka pale hata asante hakusema.

Jumanne akazifua zile tano. Jumatano akaja dada mmoja wa maabara, mpimaji, mwenye miwani, maneno yake machache kama analipishwa. Akazipima zote, akazirudisha kwenye mifuko, akaifunga kwa moto mwenyewe. Akasema, "Zimetakata, mama."

"Zimetakata kabisa?"

"Kabisa. Usiziguse. Kaa."

Kaa! Ungekaa wewe? Alhamisi nzima yule mama hakukaa. Akikalia kiti, kinachoma. Anasimama, anahesabu mifuko: moja, mbili, tatu, nne, tano. Anakwenda chooni, hana haja, anarudi. Anahesabu tena, labda mmoja umepata miguu. Chai ikapoa. Anaangalia mlango wa meneja, anaangalia mifuko. Moyoni anasema, huyu binti kaangalia kwa kimashine, kimashine kinajua nini kuhusu kufua? Mpaka mchana, wenzake walipokwenda kula, mkono ukamtoka. Chwaa! Kachana mfuko mmoja. Kaitoa ovaroli, kaipeleka puani.

Hainuki kitu.

Akina mama, niambieni ukweli. Nguo isiyonuka sabuni, isiyonuka jua, kwako wewe imefuliwa? Haijafuliwa! Ndivyo tulivyolelewa. Mama yangu mimi alikuwa ananusa shuka kama mbwa wa polisi.

Yule mama akachana mifuko yote mitano. Akazibeba mpaka uani, nyuma ya stoo, akatafuta beseni, akatafuta kipande cha sabuni ya mche, akazifikicha kola, akazifikicha vikwapa, akazisuuza maji matatu, ya mwisho katia na buluu. Akazianika kwenye kamba. Jua kali, upepo kidogo, nyeupe zinawaka mpaka unafumba macho. Wapishi wa kantini wakapita.

"We mama! Hizo nguo au taa?"

"Si mnajua mkono wangu!" akasema, na ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu Jumatatu.

Zikakauka, akazipiga pasi mstari mpaka unaweza kukatia nyanya, akazirudisha kwenye mifuko mipya, akaifunga. Sasa akakaa.

Ijumaa ikafika. Kupima kwenyewe ni hivi: mtu anavaa ovaroli, anaingia kwenye kijichumba cha vioo, anapiga kwata palepale alipo, moja mbili, moja mbili, na kimashine kinahesabu vumbi linalomtoka. Wakaanza na zile za kutupa. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wote watano, taa ya kijani.

Akaingia wa kwanza mwenye ovaroli ya yule mama. Moja, mbili... kimashine kikapiga kelele kama mbuzi kabanwa na mlango! Taa nyekundu. Wakamtoa, akaingia wa pili. Nyekundu. Wa tatu hata kwata hajapiga, kaingiza mguu tu.

Meneja akafunga daftari. "Basi, mama. Pole sana. Tunachukua za kutupa."

Yule mama akajishika kiuno kwa mikono miwili. "Haiwezekani! Bosi, haiwezekani! Hizi nimezifua mara mbili!"

Yule dada wa miwani akageuka. "Mara mbili? Ya pili lini?"

"Jana. Kwa mkono wangu. Nikaanika juani, bosi, zikanyooka, waulize wapishi!"

Dada akamsogelea meneja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya Jumatano, akampa meneja. Meneja akasoma, akasoma tena, akaenda kuiweka mbele ya yule mama. Zile ovaroli zake, Jumatano, kabla hazijaonja jua wala buluu, zilikuwa na vumbi kidogo kuliko za kutupa zilizopimwa leo. Zote tano.

"Mama," meneja akasema, "ulikuwa umeshashinda tangu juzi."

Yule mama akakaa chini, pale pale sakafuni.

Sasa sisi. Msiangalie pembeni, nasema na sisi. Si tuliambiwa "umesamehewa"? Si mfuko ulifungwa, na aliyeufunga si wewe? Mbona kila Jumapili unakuja na dhambi ileile ya mwaka juzi, unaichana, unainusa, unaanza kufikicha? Unaona kusamehewa bure hakunuki kitu. Unataka nawe unuke jasho kidogo, ndipo uamini. Na ukishajifikicha, unajianika. Unafunga siku tatu na jirani lazima ajue. Unatoa sadaka na bahasha unaipepea. Unataka wapishi wapite waseme, "Huyu mama ni taa!" Kumbe ndiyo vumbi lenyewe linaingia.

Na si zetu tu, na za wenzetu tunazitoa mfukoni! Mume kakosa, kaomba radhi mwezi wa tatu, ukasema yameisha. Mwezi wa nane ugali umeungua, unamtoa kwenye mfuko unamfua upya, tena uani, tena kwa sauti! Nimemwona nani anainamisha kichwa hapo? Hata mimi nimeinamisha, baba watoto shahidi.

Meneja alimwuliza yule mama neno moja tu pale sakafuni. Hakumgombeza. Alisema, "Nikikupa tena Jumatano, zipimwe upya, utaweza kukaa?" Yule mama aliangalia mikono yake. Nakuuliza wewe, mwenye mikono isiyotulia kama yake na kama yangu. Mungu akishasema umetakata, utaweza kukaa?

Nani kanihadithia? Ni yeye mwenyewe, Nietiwe wa kule karibu na mashine ya kusaga, tulikuwa tunachambua mchele wa kipaimara, akacheka mpaka ungo ukamwagika, na kaniruhusu nimtaje. Walimpa tena Jumatano, na ovaroli zikashinda. Mwaka wa nne sasa anafua palepale. Akishafunga mifuko anatoka nje kwenye benchi, anafuma vitambaa vya makochi mpaka ichukuliwe, maana anasema mikono lazima uipe kazi isije ikarudi kuchana. Kwake makochi ni mawili, vitambaa ni sabini na kitu. Mwenye kuozesha mwaka huu asinunue, aende kwa Nietiwe.