Vibati vya Spika za Mzee Kilua

"Mkitaka kuimba pamoja, ng'oeni kibati." Mmeisikia leo sokoni mkacheka, mkadhani ni mzaha wa mafundi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwapo.

Mzee Kilua wa Muheza alipofariki aliacha mjane, Bi Mnyamisi, shamba la michungwa, spika mbili kubwa na kaseti aliyorekodiwa akisoma kasida kwa dufu. Wanawe, Mhina na Semboja, walilima pamoja, yaani kila mmoja aliingilia kazi ya mwenzake. Mhina akipogoa, Semboja anapogoa upya. Nilikuwa jirani, ugomvi wao ndio ulioniamsha kila asubuhi.

Hitima ya mwaka ilipokaribia, mama aliomba jambo moja tu: aisikie tena sauti ya mumewe. Mhina alikuwa na amplifaya ya transista. Dufu lilitingisha madirisha, lakini sauti ya mzee ilikwaruza. Ya Semboja ilikuwa ya valvu, vile vitaa vya kioo. Sauti ilitoka laini, dufu hoi. Fundi Zahabu akashauri zitumike zote mbili: ya transista iendeshe besi, ya valvu iendeshe sauti za juu. Nyuma ya kila spika kulikuwa na vibati, vipande vidogo vya chuma vilivyounganisha njia ya besi na ya sauti za juu.

"Ving'oeni kwanza," akasema, akaenda zake.

Mhina hakuving'oa. "Ndugu hawatenganishwi," alisema. Wakawasha. Amplifaya zote mbili zikatoa moshi, kaseti isisikike. Bi Mnyamisi alilia mbele yetu, nami nikaona aibu kana kwamba kosa ni langu.

Zahabu alirudi, akazitengeneza kwa siku tatu.

"Si tulitaka ziwe pamoja?" Mhina akauliza.

"Pamoja ni kwenye wimbo, kaka. Kwenye nyaya, kila moja na njia yake. Ukiziunganisha zinapigana zenyewe kwa zenyewe."

Safari hii vibati vilitoka. Siku ya hitima mzee alisoma, na dufu likamfuata kwa adabu. Bi Mnyamisi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi, akawageukia wanawe.

"Mhina, miche na kupogoa ni kwako. Semboja, kuchuma na sokoni. Atakayemwingilia mwenzake atanikuta mimi."

Akaviokota vile vibati, akavifunga kwenye pindo la kanga yake. Tangu siku hiyo mimi huchelewa kuamka.

Mkitaka kuimba pamoja, ng'oeni kibati.