Zamu ya Kalunde

Kabla ya chungu kuwekwa barazani, wazee wa mji wa Lubambwe walikata mashauri yao kwa ngoma. Wajumbe kumi na wawili walikaa kwenye ukumbi wa soko, wakalijadili jambo mpaka wakakubaliana, kisha mwenyekiti akauliza mara moja tu kama kuna mwenye neno. Papo hapo ngoma ya mji ilipigwa pigo moja. Aliyetaka kupinga ilimpasa atamke neno kabla mlio haujafifia. Ukishafifia, jambo limepita, na hata ulie machozi ya damu hakuna wa kukusikiliza.

Msiwacheke. Waliuona utaratibu huo kuwa wa haki kabisa, maana ngoma haina ndugu wala rafiki. Jambo ambalo hawakulipima ni kwamba ngozi ikinyonya unyevu huwa nzito, na mlio wake hufa upesi. Wakati wa kiangazi mtu aliweza kuvuta pumzi na kusimama. Wakati wa mvua, hujafumbua mdomo, ngoma imeshanyamaza.

Katika mji huo aliishi mfinyanzi aitwaye Kalunde. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu, lakini ulimi wake ulikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Watu walimpenda, na kwa kuwa walimpenda, walimmalizia maneno yake. Akibisha hodi kwa jirani kuomba moto, kabla hajalitamka neno lenyewe ameshapewa chumvi. Naye hakupenda kusumbua, basi alipokea, akashukuru, akarudi nyumbani kwenye jiko baridi na chumvi yake mkononi. Chumvi nyumbani kwake haikuwahi kuisha.

Udongo wake aliuchimba kwenye shimo kubwa nyuma ya soko. Hakuna aliyelijua shimo lile kama yeye. Chini kabisa, aliposhindilia kiganja chake, aliyahisi maji baridi yakipita. Mvua zikizidi maji hayo yalipanda, yakajaa shimoni, yakatoka kwa mfereji hadi mashambani bila kumdhuru mtu. Kalunde alijua kwamba yakinyimwa njia hiyo yatatafuta nyingine, na nyingine ilikuwa mtaa wa Bondeni, chini ya nyumba za watu.

Mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanza kunyunya, mtoto wa miaka sita aitwaye Wande aliteleza akatumbukia shimoni na kuvunjika paja. Wande alikuwa mjukuu wa Mzee Mihambo, mwenyekiti wa baraza. Mzee huyo alishika tama siku tatu. Siku ya nne aliitisha baraza na kusema kwamba shimo lifukiwe, lisije likameza mtoto mwingine. Nani angempinga babu mwenye uchungu? Wajumbe wote waliafiki.

Kalunde alikuwa amekaa nyuma. Swali lilipoulizwa akapiga moyo konde akasimama, akafungua kinywa, "Ch... ch..." na ngoma iliyolowa ikalia dup, ikanyamaza.

Mzee Mihambo alimwona amesimama, akamhurumia kweli. "Mama Kalunde, najua unaulilia udongo wako," akamwambia. "Usiwe na shaka. Tutakutafutia machimbo mengine."

Watu wakapiga makofi. Kalunde akaketi.

Kesho yake alimfuata mzee nyumbani. Alikaribishwa vizuri, akapewa uji, akaahidiwa tena machimbo. Akaenda kwa Nyamizi, mama yake Wande, aliyeishi Bondeni. Huyo naye alimshika mkono akamwambia asijilaumu, kuanguka kwa mtoto hakukuwa kosa lake. Kila mlango aliobisha alikuta wema, na kila wema ulimziba mdomo. Inauma kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Baada ya siku tano shimo lilikuwa limejazwa mawe na kushindiliwa sawasawa.

Mvua kubwa ikaja. Siku yake ya tatu, mchana, Kalunde alishuka Bondeni kutazama. Aliona kuta zinatoka jasho kwa chini. Nyumbani kwa Nyamizi alikuta Wande amelala kitandani, mguu umefungwa kwa vijiti. Sakafu ilikuwa imelainika kama udongo uliokwisha kandwa, na hilo mfinyanzi haambiwi. Alibonyeza kidole, maji yakatoka. Akajaribu kusema. Nyamizi, kwa ukarimu wake, akainuka haraka kumpakulia chakula.

Basi Kalunde akaachana na maneno. Alimnyanyua Wande, akambeba mgongoni, akatoka mbio.

Nyamizi alitupa sahani akamfuata akipiga yowe kwamba mwanawe ameibwa. Majirani wakatoka. Wanaume wakashika fimbo, wanawake wakashika michi, hata wazee wasiokuwa na nguvu wakajikongoja nje, maana nani angekaa ndani mtoto mgonjwa anaibwa mchana kweupe? Kalunde alipanda mlima wa soko huku mtoto akilia kwa maumivu. Pale juu akaanguka, akiwa bado amemkinga Wande. Wa kwanza kumfikia alikuwa ameshainua fimbo.

Ndipo waliposikia kishindo nyuma yao. Nyumba ya Nyamizi iliketi chini, ikafuata ya jirani, ikafuata nyingine, mpaka zikawa tisa, na maji mekundu yakapita katikati. Watu walihesabiana. Hakupungua hata mmoja. Wote walikuwa wametoka kwenda kumpiga Kalunde.

Jioni ile baraza lilikutana. Mzee Mihambo aliingia ukumbini, akaichukua fimbo ya ngoma mkononi mwa mpigaji, akaiweka chini. Kisha akamgeukia Kalunde.

"Mama, siku ile ulitaka kutuambia nini?"

Kalunde akaanza. Mjumbe mmoja akataka kumsaidia neno, mzee akamnyamazisha kwa mkono. Wakangoja. Jasho lilimtoka Kalunde, na ukumbi mzima ukawa unasikiliza mvua juu ya paa.

"Ch... chini ya sh... shimo pana maji."

Maneno matano. Mzee Mihambo aliuliza kama ni hayo tu. Kalunde akatikisa kichwa kukubali. Mzee yule akalia mbele ya watu, wala hakujificha uso.

Shimo lilifukuliwa, likazungushiwa ua ili watoto wasiingie. Nyumba za Bondeni zilijengwa upya upande wa juu. Na Kalunde akafinyanga chungu chenye kitundu kitakoni. Vitatu vya kwanza alivivunja. Alikuwa akijaza maji, anakaa peke yake, anayasema maneno yake matano, na chungu kikikauka kabla hajamaliza, anakivunja. Cha nne kilimtosha. Hata hicho akakipunguza kitundu kidogo, kwa ajili ya mtu atakayekuwa na ulimi mzito kuliko wake.

Tangu masika yale mpaka hivi leo, Baraza la Mji wa Lubambwe halipitishi azimio kwa haraka. Siku hizi kuna madiwani, kuna karani mwenye kompyuta, kuna vipaza sauti kila meza. Lakini swali likishaulizwa, chungu hujazwa maji, na hakuna anayesema jambo lingine mpaka tone la mwisho lidondoke. Mtu akisimama akababaika, ni mwiko kummalizia neno. Wageni huchoka, wakatazama saa zao, wakawaza kwamba mkutano umekwisha na watu wamesahau kuondoka. Wakiuliza mnangoja nini, huambiwa kwa sauti ya chini wanyamaze kidogo, Kalunde bado anasema.