Mfinyanzi na Mwaka wa Kungoja

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Wasit, zama za wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, aliishi mfinyanzi mpweke jina lake Maisara, hana mke wala mtoto. Siku moja akirudi sokoni, mnyang'anyi alimpiga rungu la kichwa. Alipozinduka, hasikii kitu.

Mnyang'anyi alikamatwa, na ukoo wake ukakubali kutoa diya, yaani fidia, ya usikivu uliopotea, ngamia mia. Lakini kadhi akahukumu ingojewe mwaka mzima, huenda masikio yakapona kwa idhini ya Mola, na yakipona diya haidaiwi tena.

Basi mwaka huo, ndugu zangu, msiuone mwepesi. Mfinyanzi hukijua chungu kizima kwa kukigonga na kusikiliza mlio wake. Maisara aliuza vyungu vyenye ufa bila kujua, wateja wakamkimbia. Watu nao walichoka kusema naye kwa ishara, wakawa wanampita tu. Upweke ulimla hasa. Tegemeo lake likabaki wale ngamia, maana bila wao uzee wake ungekuwa wa kuombaomba.

Mwezi wa kumi na moja, aligonga chungu kwa mazoea, akasikia mlio. Akagonga tena. Alilia kwa furaha, na katikati ya kilio akawakumbuka ngamia, akanyamaza. Nani angejua? Hakuna aliyekuwa akisema naye.

Kesho yake jirani yake, mjane Bi Rababu, alipita nyuma yake na mzigo wa kuni.

"Asalaam alaikum, mwanangu Maisara. Husikii, lakini sitaacha kukusalimu kila siku. Mungu akuondolee upweke."

Kumbe mama huyu alikuwa akimsalimu kila siku, ingawa alimjua kuwa ni kiziwi! Ulimi ulimwasha kuitikia. Lakini akiitikia, ngamia wamekwenda. Akainamia udongo wake, na mama wa watu akapita zake.

 Kuitikia salamu ni wajibu, naye amemnyima mtu pekee aliyemkumbuka. Alasiri akafunga banda, akaenda kwa kadhi. Kadhi akaanza kumwashiria kwa mikono, naye akamkatiza kwa adabu.

"Usijisumbue, ewe kadhi. Nasikia."

Kadhi akamtazama, kisha akamuuliza ni nani mwingine anayejua.

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza kusema nami nikakujibu."

Kadhi akamweleza kwamba diya ya usikivu imeanguka, imebaki fidia ndogo ya jeraha la kichwa. Wala hatusemi kwamba Maisara hakuumia. Aliumia sana, na njia nzima alitembea kama mtu aliyetoka kuzika.

Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Bi Rababu.

"Waalaikumu salaam, mama. Nisamehe, nimechelewa kuitikia."

Bibi yule akalia, akamwambia aingie ndani, wale alichojaliwa.

Ndugu zangu, dai la Maisara lilikuwa haki yake mpaka siku aliyosikia mlio wa chungu. Baada ya hapo lingekuwa dhuluma, na hakuna kadhi duniani ambaye angeligundua. Kila mmoja wetu ajiulize, angeitikia?