Seva Iliyopewa Shikamoo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifua, wakipiga pasi na kulalamika umeme ukikatika, palikuwa na dobi mmoja jina lake Kiboko. Dukani kwake mlikuwa na mabeseni, kamba za kuanikia, pasi za makaa, na seva.

Seva ni nini? Haya, mmeshaanza! Mimi mwenyewe mjukuu wangu alinieleza, nikaitikia "enhee, enhee," nikatoka kama nilivyoingia. Nilichoshika ni hiki: ni sanduku la chuma linalokumbuka mambo badala yako. Kwa Kiboko lilikumbuka kanzu hii ya nani na shuka ile ya nani. Atakayeuliza zaidi, aje asimulie yeye.

Sasa seva ile ilikuwa imechakaa. Ukiiwasha inaguna, ngrrrr, ngrrrr, inapata moto, inakwama. Ukiiuliza kanzu ya Twiga iko wapi, unangoja mpaka unasahau uliuliza nini, halafu inakupa kaptura ya Ngiri. Pale dukani wote waliiita Mzee.

Na ndani ya Mzee aliishi Bi Panya. Aliingilia tundu la nyuma, akatandika nyuzi na pamba alizookota chini ya meza ya pasi, akajifungulia humo. Watoto walikuwa wekundu, hata manyoya hawajaota, na nje ilikuwa kipupwe, baridi inauma mpaka meno. Joto la Mzee ndilo lililowaweka hai.

Basi asubuhi moja, mlango ukapigwa teke, puuu! Akaingia Kifaru, shemeji yake Kiboko na mshirika wake dukani.

"Shemeji, aibu gani hii! Twiga kaenda harusini kwa kaptura ya Ngiri! Leo hii tunanunua seva mpya."

"Ya kale ni dhahabu," akasema Kiboko bila kuinua macho kwenye beseni.

"Kipya kinyemi!"

"Malizia methali, shemeji. Kingawa kidonda."

"Bora kidonda kuliko aibu! Hili likatupwe jalalani."

Jalalani! Moyo wa Bi Panya ukadunda, pa! pa! pa! Akawatazama wanawe. Kwenye jalala, kwa baridi ile, wasingefika asubuhi.

"Labda linataka kofi tu," akasema Kiboko, kwa sababu hiyo ndiyo elimu yote ya mashine aliyokuwa nayo. Akalizaba, paaa! Watoto wakabingirika huku, mama yao akabingirika kule.

Bi Panya alijijua ana akili. Na kweli alikuwa nazo, ila zilikwenda mbio kuliko yeye mwenyewe. Akaokota kibiriti kitupu, akaingiza mdomo ndani ili sauti iwe nzito, akanguruma:

"Ahaa! Ndivyo mnavyompiga mzee wenu?"

Kifaru akaruka nyuma, akakalia beseni la maji ya sabuni, chubwi!

"Na... nani huyo?" akauliza Kiboko.

"Mimi Mzee! Si ndivyo mnavyoniita? Mzee asubuhi, Mzee jioni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniamkia. Mmelelewa wapi nyie?"

Kiboko akavua kofia. "Shi... shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Na huyo mwenye pembe?"

"Shikamoo," akasema Kifaru kutoka ndani ya beseni.

"Marahaba, mwanangu. Jifute povu."

Bi Panya akauma mkia wake asicheke. Lo, mambo yalikuwa matamu! Basi akazidisha. "Mgongo unauma, wanangu. Kifua kinabana, koho! koho! Nimewakumbukia nguo za watu miaka nenda miaka rudi. Leo shukrani yangu ni jalala?"

Kiboko akaanza kulia. Kifaru naye akapenga kamasi kwenye shati la mteja.

"Tusamehe, Mzee. Hutupwi!"

"Sema tena."

"Hutupwi ng'o!"

Hapo ndipo Bi Panya angenyamaza. Mimi ningenyamaza. Mnacheka nini? Haya, nisingenyamaza, hata mimi mdomo wangu haujui pa kuishia. Naye akaendelea: "Na kazi yenyewe nzito, wanangu. Mifupa imechoka. Nileteeni karanga kidogo, za kukaanga."

Karanga zikaletwa, zikamiminwa kwenye tundu la nyuma. Bi Panya akatafuna, kacha kacha, akijisifu moyoni: "Panya mimi! Ningezaliwa na umbo kubwa, mji huu ungekuwa wangu."

Kifaru akamvuta Kiboko pembeni. "Shemeji, sisi ni watu wabaya. Mzee kama huyu, mifupa imechoka, nasi tunamfanyisha kazi? Babu yangu alipofika umri huu alikaa barazani akinywa kahawa."

"Kweli kabisa," akasema Kiboko, akifuta machozi. "Mzee! Kuanzia leo umestaafu!"

"Eti nini?" Karanga ikamkwama Bi Panya kooni.

Kabla hajaimeza, mashemeji wale walikuwa wamekwenda na kurudi na seva mpya, nyembamba, inang'aa, haina tundu hata la kupitisha sharubu. Wakamwinua Mzee kwa heshima zote, wakamweka juu ya rafu, wakamfunika kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki juu yake. Kisha Kiboko akachomoa waya, tk!

Ngrrr... rrr... kimya.

Joto likaanza kuondoka. Watoto wakalia, wii, wii.

"Wanangu!" akanguruma Bi Panya kwenye kibiriti. "Nirudishieni umeme!"

"Pumzika, Mzee."

"Sijachoka! Mimi bado kijana!"

"Wazee wote husema hivyo," akasema Kifaru kwa upole.

"Nawaambia mgongo umepona! Kifua kimefunguka!"

"Umeona, shemeji? Hata hajamaliza siku moja ya kustaafu, afya imeshamrudia! Tulichelewa sana kumpumzisha."

Bi Panya akageuka. Chuma kilikuwa baridi kote. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa ameacha kulia, na hilo lilimtisha kuliko kilio. "Panya we," akajiambia, "umejitia uzee mpaka umejizika na wanao." Akatupa kibiriti. Akamshika mtoto shingoni kwa meno, polepole, akatoka tunduni, akapanda juu ya kitambaa katikati ya maua ya plastiki, akamlaza mbele ya majitu yale mawili.

"Hakuna Mzee," akasema kwa kisauti chake mwenyewe. "Ni mimi. Nifanyeni mtakavyo, lakini naomba mtoto huyu apate moto, na wenzake ndani."

Maji yakadondoka kambani, to, to.

"Nimempa panya shikamoo," akasema Kiboko.

"Afadhali wewe. Mimi nimempa nikiwa ndani ya beseni."

Kiboko akaanza kucheka. Tumbo likatikisika, mabeseni yakatikisika, Kifaru akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mkono wa Kiboko ulikuwa umeshamfunika yule mtoto, na mtoto akaanza kujinyonganyonga tena. Kifaru akawatoa wengine tunduni. Pamoja nao vikatoka nyuzi, pamba na maganda ya karanga.

"Shemeji, njoo uone! Feni ya kupoza chuma hiki imezibwa na kitanda cha panya! Kumbe Mzee haumwi kitu. Tumenunua mpya bure!"

"Nyie mmenunua bure," akasema Bi Panya, "na mimi nimedanganya bure."

"Lakini wewe," akasema Kiboko, "kichwa chote hicho, na nyuma ya jiko la makaa ya pasi pana joto kutwa kucha, na hapana mtu. Si ungepiga hodi tu, ukaomba?"

Bi Panya akakuna sharubu.

"Hilo," akasema, "halikunijia kabisa."

Akahamisha wanawe nyuma ya jiko mchana kweupe, mmoja mmoja, mashemeji wale wakimpisha njia. Hadithi imefika, iliyonyooka ichukueni, iliyopinda niachieni mimi, nimezoea. Na neno lake ni hili: anayejitia uzee ili ahurumiwe, asilie akistaafishwa.