Paka Aliyelia Akiwa Ameshiba

Mwaka huo jua lilikuja likakaa, wala halikuonyesha dalili ya kuondoka. Nyasi zilikauka, bwawa likapungua mpaka kambale wakabaki wanahangaika matopeni, na wanyama wa bonde lile wakaona kwamba wasipojipanga watakwisha. Basi wakafanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tangu waumbwe: wakaweka chakula pamoja. Mtama wote ukaingizwa katika ghala moja la udongo. Kambale wakaokotwa, wakapasuliwa, wakakaushwa juu ya mawe, wakatundikwa kivulini kwa Simba. Mla nafaka atakula mtama, mla nyama atakula kambale, na hakuna kumgusa mwenzako mpaka mvua inyeshe.

Simba, mkubwa wao, alisimama mbele ya wote, akatikisa manyoya ya shingoni, akatangaza sheria.

"Katika ukame huu," alisema, "anayelia njaa apewe chakula papo hapo, kabla mwingine hajatia kitu mdomoni. Nimesema."

Ilikuwa sheria nzuri. Ubaya wake ni kwamba ilisemwa na Simba, na Simba akishasema jambo halirudishi nyuma, hata akionyeshwa kuwa linamuumiza yeye mwenyewe.

Haukupita muda panya wakasikia habari za ghala. Wanyama wakamwomba Paka aje akae ndani alinde mtama. Mlango utafungwa, wakamwambia, ili panya wasipate pa kupita, na kambale ataletewa humo humo. Paka alikubali kwa sharti moja, kwamba atambuliwe kuwa mpwa wa Simba. Simba alilipokea jambo hilo kwa furaha, maana alipenda sana kuwa na jamaa wanaofanana naye, hasa wakiwa wadogo.

"Na kambale wa mpwa wako nitampelekea mimi," akasema Fisi. "Mlango nao niachieni mimi. Ndugu zangu, nitajitolea tu."

Wanyama wakatazamana. Maisha yake yote Fisi hakuwahi kujitolea kubeba kitu, isipokuwa tumboni. Lakini jua lilikuwa kali na hakuna aliyetaka safari za kwenda na kurudi, wakamwachia.

Kazi ya panya Paka aliifanya vizuri, tusimsingizie. Waliokuwa ndani walikwisha, na waliobaki walihamia ghala la zamani, lile bovu lililokuwa tupu. Shida ilikuwa mdomo wake.

"Nyaaau!"

Alilia asubuhi. Alilia jua likiwa utosini. Alilia jioni, na kila alipolia sheria ilianza kutembea: Simba anatoa kambale, Fisi anambeba, mlango unafunguliwa, Paka ananyamaza. Anakula, anajilamba vidole, anajinyoosha, halafu anaanza upya kwa sauti iliyopumzika vizuri.

Kila mmoja alijitafutia dawa yake. Ngiri alijaza matope masikioni, ikawa hasikii hata akiitwa kula. Kobe alivuta kichwa ndani, akagundua kwamba gamba lake linavuma, kelele zikawa maradufu. Simba peke yake alisifu. "Sauti ya ukoo hiyo," alisema kwa majivuno, ingawa malazi yake alikuwa ameshayahamishia ng'ambo ya bwawa.

Kwa Kanga haikuwa jambo la kucheka. Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikuwa anaatamia kwenye kona ya ghala lile lile, kwa sababu nje hakukuwa na kichaka hata kimoja cha kujifichia. Mayai yake ya kwanza yaliteketea katika moto wa nyika. Haya ndiyo yaliyobaki, na asingepata mengine mwaka huo. Sasa Kanga ni mwoga, ndivyo alivyoumbwa. Paka akipaza sauti, yeye anaruka bila kupenda, na mayai yanabiringika huku na huku. Siku moja likapasuka moja. Kanga alilitazama kutwa nzima.

Kesho yake, mlango ulipofunguliwa, akamwomba Ngiri aliyekuwa nje amwitie Sungura. Ngiri hakusikia. Akamwomba Kobe, na Kobe akaenda, kwa hiyo Sungura alifika baadaye sana, akapenya nyuma ya Fisi mlango ulipofunguliwa.

"Kaka Sungura," Kanga alisema, "huyu mwenzangu atanimalizia watoto kabla hawajaona jua. Nimfanye nini?"

"Tumfukuze?" Sungura akauliza.

"Tukimfukuza panya watarudi, mtama utakwisha, na hao watoto wakitotolewa watakula nini?"

Sungura alikuna sikio. Shimo lake lilikuwa jirani na ghala, na yeye pia alikuwa hajapata usingizi wa mchana siku nyingi, kwa hiyo huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa. Akapanda juu ya rundo la mtama akajilaza, akaangalia.

Paka alilia. Fisi akaja na kambale, akamtupa ndani. Alikuwa kichwa na mkia.

"Fisi, ndugu yangu," Sungura aliita kutoka juu, "huyu kambale katikati yake iko wapi?"

Fisi aligutuka, akalamba midomo. "Amekauka sana. Si unaliona jua lenyewe?" Akafunga mlango haraka.

Paka alikula, akajilamba, akauendea mlango, akaukwaruza. Akazunguka ukutani, akarudi mlangoni, akafungua kinywa.

"Ngoja kwanza," Sungura alimwahi. "Una njaa?"

"Sasa hivi? Hapana."

"Unaumwa?"

"Nani kakwambia naumwa?"

"Basi unalia nini, mpwa wa Simba?"

Paka akageuka upande, kama mtu aliyeulizwa jambo la ndani. "Nikilia mlango unafunguliwa," alisema. "Anaingia mtu. Hata kama ni Fisi, ni mtu. Humu ndani sina wa kuongea naye. Dada Kanga anaatamia, hataki kusumbuliwa. Panya nao, kila nilipowasogelea, walikimbia."

Sungura alijizuia asicheke, kisha akamwonea huruma, kisha akacheka.

Mlango ulipofunguliwa tena, alikwenda moja kwa moja kwa Simba, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mzee, kuna watu wanaichezea sheria yako."

"Nani huyo?" Simba alinguruma.

"Sheria inasema anayelia njaa. Lakini vilio viko vingi. Nani katika bonde hili anaweza kukitambua kilio cha njaa kati ya vilio vyote, kama si wewe?"

"Hakuna," alisema Simba kabla hajafikiri.

"Basi njoo umpapase mpwa wako tumbo."

Simba akaja, akaweka kiganja chake kikubwa juu ya tumbo la Paka, akabonyeza kidogo. Paka, aliyekuwa amelia tangu asubuhi na kulishwa tangu asubuhi, alitoa mlio wa ngoma.

"Huyu ameshiba," Simba akatamka.

"Kumbe analia nini?" Sungura akauliza.

Simba alipapasa tena. Hakupenda kuonekana hajui. "Analia kilio kingine," alisema.

"Umeamua vyema, mzee. Basi, kwa amri yako, kambale wake nimletee mimi, mzima, asubuhi na jioni, kabla hajalia. Kilio kingine nacho tukitafutie dawa nyingine."

"Ndivyo nilivyotaka kusema," Simba alijibu. Fisi, aliyekuwa amesimama karibu, alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

Dawa ya Sungura ilikuwa kamba ya katani, mwisho wake amefunga unyoya mmoja wa Kanga uliodondoka. Aliuburuta sakafuni polepole. Paka akaukazia macho. Akainama, akatikisa makalio, akaruka. Akaukosa! Akaruka tena. Akaufukuza kuzunguka rundo la mtama, akapanda ukuta, akaanguka, akainuka akijifanya alikusudia. Alipohema ndipo Sungura akampa kambale mzima, kichwa, katikati na mkia. Paka alikula, akalala chali, miguu juu.

Lakini mazoea ni mazoea. Jioni yake aliamka, akakumbuka kazi yake ya zamani, akafungua kinywa. Sungura akaiangusha kamba, akampa mgongo.

"Nyaaau!"

Kimya. Paka akashangaa. Akapandisha sauti, akaivuta, akaipinda, akalia kilio ambacho hata yeye hakujua kuwa anacho. Kwa Simba ng'ambo ya bwawa walikisikia. Kanga aliruka, akatua, akaruka tena.

"Sungura, mpe chochote!" alilia. "Likipasuka jingine sitakusamehe maishani mwangu!"

"Dada yangu, vumilia," Sungura alisema. "Tukimwitikia sasa, kesho ataanzia hapa hapa alipofika." Akaja akakaa kwenye kiota, akayazungushia mayai miguu yake mirefu, akawa ukuta. Yai moja likabiringika, likagonga paja lake, likasimama. Kanga akafumba macho, akakaa juu ya mayai na nusu ya juu ya Sungura, wakabaki hivyo wakitetemeka pamoja.

Paka alilia mpaka sauti ikakwaruza. Kisha akanyamaza, akajisikiliza, akashangaa jinsi ghala lilivyotulia. Hapo hapo unyoya ukacheza sakafuni.

Siku zilizofuata alilia kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu akawa analia akiota tu. Ngiri alitoa matope masikioni, akauliza nini kimetokea. Na kwa kuwa panya walikuwa wameshahama, Sungura akawa anamtoa Paka kidogo wakati wa mgao wa mchana, naye Paka akaupenda sana mguu wa Simba, mahali pa joto pa kulalia.

Kila mtu alipata nafuu isipokuwa Fisi. Alikuwa anapata fungu lake kama wengine, akilichukua alfajiri kwa aibu kabla watu hawajakusanyika, lakini alishazoea kula katikati za watu, na katikati hazikupita tena mikononi mwake. Akakonda kwa uchungu. Akawaza, na alipomaliza kuwaza akajipongeza.

Mchana mmoja wanyama walikuwa wamekusanyika kivulini kwa Simba, Ngiri amekaa na mtama wake, Kobe bado yuko njiani. Mara, kutoka nyuma ya ghala:

"Nyau... nyaaau... khoo!"

Wote wakageuza masikio. Hakikuwa kilio kizuri. Kikakatika, na baada ya muda mfupi Fisi akatokea anakimbia, anahema, uso umejaa huzuni.

"Mzee Simba! Maskini mpwa wako! Analia njaa huko ghalani, anatia huruma! Nipe kambale nimwahishie. Mpe hata wawili."

Fisi akawatazama mmoja mmoja, akaona wote wanaangalia chini, kwenye mguu wa Simba. Naye akaangalia. Paka alifungua jicho moja, akapiga mwayo mrefu, akalifunga.

"Huyo aliyelia," Sungura aliuliza taratibu, "ni paka gani?"

"Labda... labda ni paka mwingine."

"Paka mwingine?" Simba aliinua kichwa. "Wa ukoo wangu? Basi na alie tena, nimsikie."

Wakangoja. Ghala lilikuwa kimya. Kwa mbali Kanga alisikika akiongea na mayai yake.

"Amechoka," Fisi alisema kwa sauti ndogo.

"Amechoka tangu ulipofika hapa," alisema Sungura.

Ngiri alianza kucheka, akamwaga mtama wake wote. Fisi akaketi chini.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nimelia mimi."

"Ulilia njaa?"

Fisi aliangalia tumbo lake, akaona haliwezi kumtetea. "Hapana. Nililia kilio kingine."

Simba alisimama, akatikisa manyoya ya shingoni. "Sheria yangu siibadilishi," alisema. "Aliyelia kama paka atapewa haki zote za paka. Ghala la zamani limejaa panya. Ataingia humo awinde, mlango ufungwe, na kambale aletewe na Sungura."

"Mzima?" Fisi aliuliza kwa matumaini.

"Kichwa na mkia," Sungura akajibu. "Katikati itakauka njiani. Si unaliona jua lenyewe?"

Fisi akafungiwa. Alilia kutwa, na wanyama, ambao sasa walikuwa na mazoezi ya kutosha, walimpa mgongo wakaendelea na shughuli zao.

Hatimaye mawingu yakarudi. Siku mvua ya kwanza ilipoanza kupiga paa la ghala, Kanga alihisi kitu kikigonga chini ya tumbo lake. Likapasuka yai moja, kisha jingine, na yote yaliyokuwa yamebaki yakapasuka vizuri. Kanga akalia kwa furaha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Fisi naye akafunguliwa, akaondoka bondeni kwa mwendo wake wa kuchechemea bila kuaga, na mpaka leo mtu akimuuliza habari za samaki anakohoa.

Lakini vifaranga ni vifaranga. "Pii! Pii! Pii!" Alfajiri, adhuhuri, jioni. Walilia wakiwa na njaa, wakalia wakiwa wameshiba, wakalia kwa sababu mwenzao analia. Siku ya pili Paka alitoka nje macho mekundu, akamwendea Sungura shimoni kwake.

"Sungura, ghala lile halikaliki," alisema. "Hivi kweli kuna viumbe wanaolia bila sababu, mchana kutwa, bila kumfikiria mwenye usingizi?"

Sungura alimtazama. Akaingia ndani ya shimo, akarudi na ile kamba ya katani, akamwekea miguuni.

Paka aliitazama. Akamtazama Sungura. Akainama, akaiuma ncha yake, akarudi ghalani akiiburuta, unyoya ukicheza nyuma yake. Vifaranga wakanyamaza wote. Kisha wakaanza kumfukuza, kuzunguka rundo la mtama, wakianguka na kuinuka, na Kanga akalala usingizi aliokuwa akiudai tangu kiangazi. Paka alizunguka hivyo mpaka mvua ilipokatika. Alichoka sana, na kwa kuwa kamba ilikuwa mdomoni, hakuweza kulia hata kidogo.