Kitabu cha Ukoo Kilichogoma Kuhifadhiwa

Weka kikombe cha chai mezani kwanza, maana mimi nilipoisoma hadithi hii, chai yangu ilinimwagikia. Ukimaliza, mtumie yule ndugu unayejifanya hukuuona ujumbe wake.

Palikuwa na mwalimu mstaafu, Mngoni, jina lake Nchimbi. Mama yake alikuwa amezeeka sana, na sasa anaumwa. Alimwomba kitu kimoja tu: amwandikie kitabu cha ukoo, chenye picha, akishike mkononi kabla hajafumba macho.

Mwalimu akaandika. Mtu aliyefundisha Historia maisha yake yote hajui kufupisha. Kurasa zilipita mia na bado babu wa kwanza hajaoa.

Kitabu kilipokaribia kwisha, faili likaanza kugoma. Akibonyeza kusevu, skrini inapauka, kale kaduara kanazunguka kama dalali anayetafuta kiwanja, kisha kila kitu kinaganda. Akizima na kuwasha, kazi ya siku nzima haipo. Akalaumu umeme. Akalaumu virusi. Akaazima kompyuta mpya ya shemeji yake, nayo ikaganda. Na huko chumbani mama anauliza, kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, kama kitabu kimefika.

Ndipo akamwita mtani wake, Bi Kalinga, Mhehe aliyezoea kuhariri vitabu. Kwa utani wa makabila yao, Bi Kalinga alirusha vijembe kabla ya kusalimia. Alisema babu zake walihangaika bure kupigana na Wangoni. Wangewapa kompyuta tu, wangejimaliza wenyewe.

Akalikagua faili, na utani ukamkauka mdomoni. Akaeleza kwamba maneno hayana uzito, hata yawe mengi vipi ni pamba. Kinacholielemea faili ni picha.

"Picha zangu ni ndogo," Mwalimu akasema. "Nyingi nimezikata, nimebaki mimi tu."

"Mtani, ukikata picha humu ndani, kompyuta haikitupi kile kipande. Inakifunika tu. Kila ukisevu, inakibeba tena."

Akabofya picha ya kwanza, akavuta ukingo wake. Picha ikafunguka kama mlango, na kando ya Mwalimu akatokea mwanamume anacheka. Akafungua ya pili: yuleyule. Ya harusi, ya ubatizo, ya mavuno. Kila mahali mtu yuleyule alikuwa amesimama nyuma ya pazia, kimya, anasubiri.

Alikuwa Damasi, kaka yake. Walikosana siku ya kumzika baba, mmoja akitaka azikwe kijijini, mwingine misheni, na tangu hapo hawakusalimiana. Mwalimu alikuwa amemtoa kwenye kila picha.

Ya mwisho ilikuwa ya kuhitimu ualimu. Kitabuni, Mwalimu alisimama peke yake, kifua mbele, viatu vinang'aa. Bi Kalinga akavuta ukingo. Damasi alikuwa pale, kamshika bega mdogo wake, na miguuni hana kitu.

Mwalimu akaitazama ile miguu, kisha viatu alivyovaa yeye pichani.

"Vile viatu vilikuwa vyake," akasema.

Bi Kalinga hakumtania. Akamwambia taratibu: "Kuna njia mbili. Naweza kuvifuta vipande vilivyofichwa, na havitarudi tena. Au nizipunguze picha uzito, zibaki nzima. Kwa njia yoyote faili litasevu. Sema."

"Ziache nzima."

Akabonyeza. Faili likasevu kabla Mwalimu hajamaliza kushusha pumzi.

Mwalimu akachukua simu, akapiga namba ambayo kwa miaka alijidai ameisahau. Akasema tu kwamba anamalizia kitabu cha mama, na chini ya ile picha ya kuhitimu hajui aandike nini.

"Andika," Damasi akasema, "aliye peku ni kaka yake."

Kitabu kilimkuta mama hai. Kililetwa na watu wawili.

Funzo: Ndugu uliyemficha hajaondoka, unatembea naye umembeba, na moyo hauwi mwepesi kwa kumfuta mtu, bali kwa kumrudisha mahali pake.