Majina Yaliyoshikwa Kiunoni

Kitu kikiingia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Mwenyewe hupiga magoti, akala na vumbi kidogo. Wengi tunaijua methali hii kwa mdomo tu. Mtakwimu wa ofisi ya afya aliijua kwa magoti.

Alikuwa mama wa miaka arobaini, bingwa wa hesabu, mwenye shingo isiyojua kupinda. Asubuhi hiyo kamati ilikutana kuchagua zahanati moja ya kufungwa kati ya nane: ile inayozalisha akina mama wachache kuliko zote. Mtakwimu alitundika ukutani grafu ya nguzo nane, aliyoichora kwa msimbo alioiandikia kompyuta mwenyewe. Majina yalikuwa marefu, basi akayalaza mshazari chini ya nguzo yasije yakakanyagana. Mwenyekiti alivaa miwani, akalifuata jina moja kwa kidole mpaka herufi ya mwisho, kidole kikapanda moja kwa moja kwenye nguzo fupi kama kisigino.

"Ya Kilimani," akasema. "Tuifunge."

Mkunga wa Kilimani, aliyealikwa kikaoni, alianza kuhesabu vijiji vyake kwa vidole. Wajawazito wake wangetembea nusu siku kutafuta pengine pa kujifungulia.

Mtakwimu alisimama kueleza kwamba nguzo ile ni ya Kiwandani, zahanati inayotazamana na lango la hospitali kuu, na kwamba ya Kilimani ni ile ndefu iliyo kushoto kwake. Mwenyekiti akamuuliza waamini picha yake au mdomo wake. Wakaenda kunywa chai. Wakirudi na kuikuta picha ni ileile, muhuri ungepigwa.

Alikimbilia mezani. Akaongeza nafasi tupu mwishoni mwa majina ili ayasukume kushoto. Jina refu likasogea kupita kiasi, fupi likagoma. Akapunguza, yakayumba kama walevi wanaotoka harusini. Meza ya tatu kutoka kwake aliketi wifi yake, mdogo wa mumewe, fundi wa grafu. Hawakusemezana tangu siku mtakwimu aliposema mbele ya ukoo mzima kwamba kuremba grafu ni kazi ya walioshindwa hesabu.

Alizitazama zile nguzo. Akamfikiria mwanamke mwenye uchungu njiani, jua utosini. Akainuka.

"Wifi, naomba unisaidie."

"Nani anaongea? Nilidhani ni feni."

"Ni mimi. Majina yangu yamehama nyumba."

"Niamkie kwanza."

"Mimi, mke wa kaka yako mkubwa, nikuamkie wewe?"

"Haya. Chai yao inakwisha huko."

Mtakwimu alimeza mate, na kiburi kikashuka nayo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," wifi akajibu taratibu, akiionja kila herufi. Kisha akavuta kiti, akawa fundi kweli. Alimwonyesha kwamba kompyuta, isipoambiwa lolote, hulishika kila jina kiunoni, yaani katikati, na kulipachika chini ya nguzo yake. Jina likilazwa mshazari, kichwa chake, ile herufi ya mwisho, huangukia kwa jirani. "Lishike kichwani," akasema. Kwenye msimbo, panapotajwa mahali pa kulishika jina, akafuta nusu, akaandika moja. Tarakimu moja tu. Majina yote manane yakarudi nyumbani, kila moja na herufi yake ya mwisho chini ya nguzo yake.

Kamati iliporudi, kidole cha mwenyekiti kilisafiri tena. Kilipanda nguzo ndefu, kikasoma: Kilimani. Kikashuka kwenye kisigino: Kiwandani. Alivua miwani, akaifuta, akatamka kwamba wa Kiwandani watavuka barabara tu, na Kilimani haiguswi. Kisha akampongeza mtakwimu kwa ufundi.

"Si wangu," mtakwimu akasema, shingo ikipinda kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii bila maumivu. "Ni wa wifi yangu. Nilikwenda kumwomba."

Mkunga alipiga kigelegele kilichowamwagia chai wajumbe wawili waliorudi na vikombe vyao, na hakuna aliyemkemea. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.